Kofia Tumeiona, Sura Hatukuiona

Mwizi aliyeng'oa saiti mira za gari langu alikuja saa tisa kasoro dakika kumi, usiku wa kuamkia Jumanne. Hiyo ni kwa mujibu wa kamera. Alivaa kapelo iliyoonekana nyeupe, kaptura na malapa, na mkononi alikuwa na bisibisi. Alikatiza uani bila haraka, kama mtu aliyetumwa maji, akamaliza kazi ndani ya dakika moja na nusu, kisha akapanda ukuta pale pale alipoingilia. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu vitundu vya kapelo. Kilichokosekana ni sura yake tu. Fundi alikuwa ameifunga kamera juu kabisa kwenye fisha bodi, mita tano na ushee kutoka chini, na ukimtazama binadamu kutoka huko, unachokiona ni kofia na mabega.

Tangu siku hiyo nimezunguka sana maduka ya Kariakoo, nimewachosha mafundi kwa maswali, na mwishowe nikanunua ngazi yangu mwenyewe. Maoni niliyobaki nayo ni haya: katika kile chombo kinachouzwa siku hizi, kamera katikati na taa mbili kubwa pembeni, taa ndiyo inayolinda usiku. Kamera ni shahidi wa asubuhi. Sisi wanunuzi tunafanya kinyume: tunamwaga pesa kwa shahidi na kumsahau mlinzi.

Tuanze na kama vitu hivi vinasaidia kweli, maana muuzaji hawezi kukujibu hilo. Brandon Welsh na David Farrington, wanaofahamika sana katika utafiti wa uhalifu, walishirikiana na wenzao mwaka 2019 kupitia tafiti za miaka 40 kuhusu kamera za ulinzi. Maeneo yenye kamera yalipata nafuu ya uhalifu ya takriban asilimia 13 ukilinganisha na yasiyokuwa nazo. Nafuu hiyo haikugawanyika sawa. Ilikuwa kubwa kwenye maegesho ya magari, na kubwa zaidi palipokuwa na mtu anayetazama skrini kwa zamu kuliko palipokuwa na mashine inayorekodi peke yake. Upande wa taa, mwaka 2016 jiji la New York lilisimamisha minara ya taa katika baadhi ya makazi ya umma, makazi yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ukapungua kwa takriban asilimia 36. Lakini Chicago walipoongeza taa kwenye vichochoro vyao, tathmini ya mwaka 2000 ilikuta matukio yaliyoripotiwa yameongezeka kwa asilimia 21. Moja ya maelezo yaliyotolewa ni kwamba penye mwanga watu waliona mambo ambayo zamani yalipita gizani, wakayaripoti.

Hizo ni barabara na makazi ya Marekani, si nyumba ya Goba, Dar es Salaam, yenye ukuta wa tofali na geti la bati. Hata hivyo kuna jambo linalohama nazo: taa inafanya kazi pale ambapo mwanga wake una mtu wa kuuona. Ukijenga ukuta wa mita mbili na nusu, ukafunga geti lisilo na tundu, halafu ukawasha taa usiku kucha ndani ya boma, umemrahisishia kazi mwizi wa saiti mira. Hahitaji tena kushika tochi mdomoni. Taa inayowaka ghafla ni habari nyingine. Inamshtua, inamuamsha mbwa, na inapenya kwenye mapazia ya chumba cha mtu. Ndiyo maana napendelea taa inayowashwa na kihisi cha mwendo kuliko inayokesha, na ndiyo maana naielekeza mahali ambapo jirani akitupa jicho ataona kwamba uani kwetu pamewaka.

Kihisi chenyewe hakieleweki vizuri hata kwa baadhi ya wanaokifunga. Kile kitumbo cheupe cha plastiki chini ya kamera hakioni mtu. Kinapokea joto. Mwili wa binadamu hutoa mionzi isiyoonekana ambayo urefu wa wimbi lake ni karibu mikromita 10, na ndani ya kitumbo kuna kipande chenye pande mbili kinacholinganisha joto la upande huu na la upande ule. Mtu akikatiza mbele yake kutoka kushoto kwenda kulia, tofauti inaruka na taa inawaka. Mtu huyo huyo akikijia moja kwa moja, tofauti ni ndogo, na taa inaweza kumchelewa mpaka awe amebakiza hatua chache. Fundi akifunga chombo hiki juu ya mlango wa mbele kikitazamana na geti, amekifunga katika uelekeo ambao ndio udhaifu wake. Kihamishie kwenye kona ya nyumba, njia ya kutoka getini ipite mbele yake kwa ubavu.

Kuna pia suala la hali ya hewa ambalo vijitabu vya maelezo, vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, havilitaji. Dar es Salaam mwezi wa Februari, saa mbili usiku, ukuta uliopigwa jua mchana kutwa una joto linalokaribia lile la ngozi ya mtu. Kihisi kinalinganisha joto na joto, kinakosa tofauti. Usiku wa Julai, na upepo wa kusi unavuma, kihisi hicho hicho kitakuwashia taa kwa ajili ya paka. Ukikijaribu mwezi wa saba na kuridhika, kijaribu tena kiangazi.

Nguvu ya mwanga haihitaji kuwa ya uwanja wa mpira. Lumeni 2000 hivi zinatosha ua wa nyumba ya kawaida. Ukizidisha, sura ya mtu aliye karibu inaungua na kuwa kibandiko cheupe kwenye picha, na nyuma ya tangi la maji panajitengenezea kivuli kizito cha kujifichia. Rangi ya mwanga nayo ina maana. Taa nyeupe ya kuelekea ubuluu, ile ya kelvini 6500 inayopendwa madukani, huita wadudu kuliko ya manjano ya kelvini 3000. Wadudu huita mijusi, na buibui hutandaza utando mbele ya lenzi kwa sababu chakula kinajileta. Niliwahi kupata taarifa 31 kwenye simu kabla ya alfajiri, zote zikiwa za mjusi mmoja aliyekuwa akipita na kurudi mbele ya kioo, kila mara amejaza skrini nzima kama mamba. Siku ya tatu ya maisha hayo mtu huzima mlio wa simu, na hapo mfumo wote umekufa hata kama taa zinawaka. Kamera mpya zenye programu ya kutofautisha umbo la binadamu na la mnyama zimepunguza sana kero hii, na hicho ni kipengele ambacho ningekilipia bila kulalamika.

Sasa kamera. Dukani utaulizwa: unataka megapikseli ngapi? Swali hilo halijakamilika. La kuuliza ni pikseli ngapi zitaangukia kwenye uso wa mtu, mahali atakaposimama. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana. Ikiwa na lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo imejaa madukani, hufungua pembe ya nyuzi 105 hivi, kwa hiyo mita 5 mbele yake inaona upana wa karibu mita 13. Gawanya: kila mita inapata pikseli 147. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi kinataka pikseli 125 kwa mita ili umtambue mtu unayemfahamu, na 250 ili mtu usiyemjua aweze kutambulishwa kwa picha hiyo. Maana yake ni kwamba kamera hiyo itakuonyesha shemeji yako akiwa mita 5, lakini mgeni lazima afike mita 3. Chukua ya megapikseli 4 yenye lenzi ya milimita 4: inaona eneo jembamba zaidi, lakini mita 5 mbele inakupa pikseli zaidi ya 280 kwa mita. Pembe pana inauzika kwa sababu inaonyesha ua wote kwa mkupuo, na mwenye nyumba anafurahi kuona ua wote. Polisi watataka pua na macho.

Usiku hesabu hiyo inabadilika tena. Pikseli nyingi zikibanwa kwenye kipande kidogo cha kupokea mwanga, kila moja inapata mwanga kiduchu, picha inajaa chengachenga. Ndiyo maana kamera nzuri ya megapikseli 2 inaweza kuishinda ya bei poa iliyoandikwa 8. Mwanga wa infraredi, vile vitaa vyenye wekundu hafifu kuzunguka lenzi, unaonyesha umbo lakini unadanganya rangi: kitambaa cheusi cha nailoni kinaweza kung'aa kama shuka. Ile kapelo niliyosema ilionekana nyeupe, siwezi kuapa kwamba ilikuwa nyeupe. Taa kubwa ikiwaka, kamera hurudi kwenye rangi halisi, na "kijana mwenye fulana nyekundu" ni maelezo yanayoweza kupelekwa mtaani.

Hapa niseme kidogo kuhusu maandishi ya kwenye maboksi. Taa ya sola iliyoandikwa wati 200, paneli yake ina ukubwa wa sentimita 35 kwa 25. Jua kali la adhuhuri huleta karibu wati 1000 kwa mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama asilimia 20 kuwa umeme. Paneli hiyo, siku ikiwa njema, inatoa wati 17. Ipe saa tano za jua la nguvu, toa kinachopotea njiani na kwenye betri, halafu gawa kwa saa kumi na mbili za giza tulizojaliwa huku karibu na ikweta: unabaki na wati 5 hivi za kukesha nazo. Hizo 200 zimeandikwa kwa wino tu. Taa hiyo inaweza kuwa na manufaa, hasa ikiwaka kwa kihisi badala ya kukesha, ila usiipangie kazi ya wati 200. Paneli ilaze karibu bapa, ikiinama kidogo kuelekea kaskazini, ili mvua iioshe.

Tukija kwenye umeme, hapo ndipo naachana na ushauri wa watengenezaji. Chombo cha kamera na taa kwa pamoja kimebuniwa kwa ajili ya nyumba ambayo umeme haukatiki, chenye waya mmoja kutoka kwenye sehemu ya taa ya zamani. Kwetu, umeme ukiondoka vinaondoka vyote kwa pamoja: taa, kamera, na ruta iliyo sebuleni. Hali imekuwa nafuu tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, lakini nguzo ikianguka mtaani, bwawa liko mbali. Mwizi wa mtaa anaujua usiku wa giza kabla yako. Kwa hiyo kwenye nyumba yenye nafasi, mimi ningetenganisha. Kamera ya volti 12, au inayopata umeme kupitia waya wa mtandao, ikae kwenye kibetri kidogo cha akiba pamoja na ruta. Taa iwe mbili, moja ya umeme wa gridi na moja ya sola, zikiwa mita mbili tatu kutoka kwenye lenzi. Kutenganisha huko kunaondoa pia wadudu mbele ya kioo, na mvua haigeuki pazia jeupe kwenye picha. Chombo cha pamoja nakikubali kwa mpangaji mwenye ukuta mmoja na sehemu moja ya taa, ambaye hataruhusiwa kutoboa zaidi.

Gharama ya umeme wa LUKU isikutishe. Kwa bei ya uniti ya shilingi 350 hivi, taa ya wati 30 inayokesha saa kumi na mbili inakula kama shilingi 126 kwa usiku, chini ya 4,000 kwa mwezi. Ikiwaka kwa kihisi, hutaihisi. Kamera ya wati 6 mchana na usiku ni shilingi 1,500 kwa mwezi.

Kasoro niliyoikuta mara nyingi kuliko zote, kwangu na kwa watu wawili waliofuata makosa yangu, ni swichi. Chombo kimeungwa kwenye waya wa taa ya nje, na taa ya nje ina swichi yake ndani, karibu na mlango wa jikoni. Asubuhi dada wa kazi anaamka, anaona taa ya nje imewashwa, anaizima kama alivyofundishwa na kila mama aliyewahi kumwajiri. Kamera inakufa hapo hapo. Jioni anawasha tena, kamera inafufuka, na mwenye nyumba aliyeko kazini anashangaa kwa nini kila siku mchana "mtandao unasumbua". Dawa ni kumwambia fundi apite pembeni ya swichi, au bora zaidi, avute waya wenye breka yake kutoka kwenye boksi kuu. Waya wa ethi uunganishwe kweli. Nimefungua chombo kimoja nikakuta waya wa kijani na manjano umekunjwa na kufichwa nyuma, kwa sababu, fundi alisema, "bosi, huu hauna kazi."

Kufunga kwenyewe kunataka subira zaidi ya nguvu. Kabla ya kutoboa, shika simu mahali kamera itakapokaa, unganisha na ruta, uone mawimbi yanafikaje. Ukuta wa tofali wenye nguzo za nondo, na juu yake bati, hula mawimbi, na yale ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri kuliko ya 5. Kisha mwambie mtu atembee uani usiku huku wewe umeishika kamera kwa mkono juu ya ngazi, ukitazama picha. Urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu unatosha. Ukishuka zaidi itang'olewa, ukipanda zaidi utarudi kwenye kapelo. Ikikaa ndani sana chini ya upenu, mwanga wa infraredi hugonga dari ya upenu na kuipofusha. Isitazame mashariki wala magharibi moja kwa moja. Toboa tundu la waya kwa kupanda kutoka nje kwenda ndani, ili maji ya masika yasifuate waya mpaka sebuleni, na acha waya utengeneze kitanzi kidogo kinachoning'inia kabla ya kuingia: matone yatadondokea hapo. Tarakimu za IP66 kwenye boksi zinamaanisha kwamba vumbi haliingii na maji ya kurushwa kwa nguvu hayaingii. Hazihusu kiungio cha waya ambacho fundi amekizungushia gundi ya nailoni na kukiacha nje ya kiboksi. Kwa wenzetu wa Kigamboni, Tanga na Unguja walio karibu na maji, dai skrubu za chuma kisichoshika kutu. Chumvi ya bahari haisubiri udhamini uishe.

Mahali pa kuhifadhi picha nitapapitia haraka. Kamera inayorekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde hula karibu gigabaiti 21.6 kwa siku, kwa hiyo memori kadi ya 128 inabeba kama siku sita kabla ya kuanza kufuta. Ukituma mfululizo huo mtandaoni kwa laini ya simu, bando halitafika Ijumaa. Tuma matukio tu. Na kinasa kisikae chini ya televisheni: mwizi akiingia ndani hatofautishi kinasa na king'amuzi, anavibeba vyote.

Kuna jambo ambalo si la waya na linanisumbua zaidi. Baada ya kufunga kamera, fundi huiwasha kwa simu yake, kwenye akaunti yake, halafu "anakushirikisha" wewe. Unapata picha, unamlipa, anaondoka. Kamera iliyo nyumbani kwako inaendelea kuwa mali ya akaunti yake. Anaweza kuwa kijana mwaminifu kabisa, lakini simu yake ikiibwa, ua wako umeibwa pamoja nayo. Nilipoomba kuona orodha ya kamera kwenye simu ya fundi wangu, alinionyesha bila hiana, akipitisha kidole: duka la dawa, saluni, nyumba moja yenye bwawa la kuogelea, uani kwangu. Hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye vingine. Fungua akaunti yako mwenyewe kabla fundi hajaja, uiunganishe kamera wewe, na nywila ya kiwandani ibadilishwe siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na vinasa duniani kwa kujaribu tu orodha ya jozi 60 hivi za majina na nywila za kiwandani, na Oktoba ya mwaka huo majeshi hayo ya kamera yaliangusha huduma kubwa za intaneti nchini Marekani. Kampuni kubwa nazo si malaika. Mwaka 2023 Ring ya Amazon ilikubali kulipa dola milioni 5.8 baada ya Tume ya Biashara ya Marekani kuituhumu kuwaacha wafanyakazi waangalie video za faragha za wateja. Ndani ya nyumba sifungi kamera, kwa sababu hizo.

Nje nako kuna jirani. Kamera yangu ya kwanza, kwa jinsi ilivyokuwa juu, iliona kamba ya kuanikia nguo ya nyumba ya pili na mlango wa choo cha uani. Sikuwa nimeliona hilo mpaka mama mwenye nyumba hiyo aliponisimamisha njiani, akanisalimia kwa kirefu, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja, ndipo akasema: "Baba, lile jicho lako linalala saa ngapi?" Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linaloeleweka na zisizidi lengo hilo. Kenya wanayo yao ya mwaka 2019. Kwa mfano wa mahali mambo yanapoweza kufika, mwaka 2021 mahakama moja ya Oxford, Uingereza, ilimpa ushindi mwanamke aliyemlalamikia jirani yake mwenye kamera kadhaa, na kilichomkera hakimu kuliko picha ni sauti: vipaza sauti vilinasa mazungumzo mbali kupita mahitaji ya kulinda gari. Kamera nyingi zina sehemu ya kuziba kipande cha picha kwa kibandiko cheusi, na ya kuzima sauti. Nilifanya yote mawili, nikamwita mama aje aone kwenye simu. Taa nayo niliiinamisha, isimpige dirishani.

Halafu nani atatoka? Simu imelia, taa imewaka, kuna mtu uani. Hapa ndipo mifumo mingi inapoishia hewani. Aliyeko Muscat au Minneapolis, nyumba yake ikiwa Mbweni, ataona kila kitu na hataweza lolote, isipokuwa awe na namba ya mlinzi, ya jirani na ya ulinzi shirikishi wa mtaa, na wote wawe wamekubaliana mapema. Sisi tulikubaliana jambo dogo: taa ya kwangu ikiwaka zaidi ya mara moja baada ya saa sita usiku, nyumba ya pili wanawasha ya kwao, mlinzi wa nyumba ya kona anapiga filimbi. Hakuna anayetakiwa kutoka nje kupambana na mtu. Mpaka sasa filimbi imepigwa mara mbili, zote kwa mwanangu aliyechelewa kurudi.

Video ya mwenye kapelo niliipeleka kituoni, nikiwa nimeirekodi kwa simu kutoka kwenye skrini, jambo ambalo sasa nisingelifanya. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa aina hii, ila mahakama hupima jinsi ulivyotunzwa, kwa hiyo faili halisi kutoka kwenye kinasa lina uzito kuliko picha ya picha. Askari aliitazama mara mbili. Mara ya tatu akaisimamisha, akaweka kidole kwenye kona ya chini.

"Mzee, hii ni saa tisa usiku?"

Nikamjibu ndiyo, imeandikwa hapo.

"Mbona sebuleni kwenu taa inawaka? Na hii inayochezacheza si televisheni?"

Kinasa kilikuwa bado kwenye saa za Beijing, kama kilivyotoka kiwandani, saa tano mbele yetu. Mtu yule alikuja saa nne kasoro dakika kumi, Jumatatu. Tulikuwa macho wote, mita nane kutoka kwenye gari, tunaangalia tamthilia, na taa ya nje tulikuwa tumeizima wenyewe ili kubana LUKU.